Maji ya nyuzi hasi 1.3: pale fomula sahihi inapokupa jibu lisilowezekana

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, naishi Mbagala. Fomula za densiti, kanieneo na joto ninazo zote kichwani, lakini maswali yananishinda. Juzi tulipewa hili: barafu gramu 200 iliyo kwenye nyuzi 0 imetiwa ndani ya maji gramu 500 yaliyo kwenye nyuzi 30, tafuta halijoto ya mwisho. Nimepata hasi 1.3. Nimerudia mara nyingi, jibu ni lile lile. Pia sielewi ni lini najumlisha kanieneo ya hewa na lini siijumlishi, na kwenye maswali ya kuelea sijui nitumie densiti ipi. Nikariri nini zaidi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usikariri chochote zaidi. Nimeifanya hesabu yako kwa njia uliyoitumia na mimi nimepata hasi 1.3, kwa hiyo kalkuleta yako ni nzima na fomula yako ni sahihi. Uliandika kwamba joto linalopotezwa na maji ni sawa na joto la kuyeyusha barafu yote, pamoja na joto la kuyapasha maji yaliyotokana na barafu hiyo. Sasa nijibu: nani alikuambia kwamba barafu yote itayeyuka? Swali halikusema. Umelisema wewe, kimya kimya, ulipoandika ule mlinganyo.

Weka kando halijoto ya mwisho kwanza. Uliza maji yana joto kiasi gani la kutoa kabla hayajafika nyuzi 0. Gramu 500 ni kilo 0.5, uwezo maalumu wa joto wa maji ni jouli 4,200 kwa kila kilo kwa kila nyuzi moja, na yanashuka nyuzi 30. Kwa hiyo 0.5 × 4,200 × 30 ni jouli 63,000. Halafu uliza barafu inadai kiasi gani. Joto fiche la kuyeyuka kwa barafu, yaani joto la kuigeuza kuwa maji bila kupandisha halijoto, ni takriban jouli 334,000 kwa kilo, basi kilo 0.2 inadai 66,800. Deni ni 66,800 na kilichopo ni 63,000. Joto linaisha barafu ikiwa bado ipo. Itakayoyeyuka ni 63,000 ÷ 334,000, yaani kilo 0.189. Gramu 189 zimekuwa maji, gramu 11 zinaelea, na vyote viko kwenye nyuzi 0. Hilo ndilo jibu.

Na ile hasi yako haikuwa upuuzi. Kulikuwa na upungufu wa jouli 3,800. Kwa kuwa ulishaulazimisha mlinganyo ukubali kwamba barafu yote imeyeyuka, ukaenda kuzitafuta jouli hizo mahali pekee palipobaki, yaani kwa kuyapoza maji chini ya sifuri. Jibu lisilowezekana mara nyingi linakuonyesha ni dhana ipi uliyoiingiza bila kuichunguza. Ukilipata, usikimbilie kufuta. Lisome kwanza.

Sikulaumu. Maswali mengi ya mazoezi yamepangwa barafu iishe, na mtu akishafanya kumi ya namna hiyo huona kama ni sheria ya maumbile. Aliyekutungia hili alizichagua namba zake makusudi, na kwa maoni yangu ni swali zuri kuliko yale kumi.

Kwa hiyo ninachokuomba ufanye tofauti ni kitu kimoja: kabla hujaandika herufi yoyote, andika sentensi ya mizania kwa Kiswahili cha kawaida. Mtihani wako ni wa Kiingereza, sawa, utaujibu kwa Kiingereza. Lakini karatasi ya kufanyia kazi ni yako. Mada zote tatu ulizozitaja zinaendeshwa kama daftari la muuza duka: kilichotoka upande mmoja lazima kionekane kimeingia upande wa pili. Kwenye joto, kinachotoka na kuingia ni jouli. Kwenye kuelea, uzito wa kitu unabebwa na msukumo wa kimiminika kutoka chini yake. Kwenye majimaji yaliyotulia, kanieneo ya nukta mbili zilizo kwenye usawa mmoja wa kimiminika kilekile ni sawa. Sentensi ikiandikika, fomula inajitokeza yenyewe. Isipoandikika, bado hujalielewa swali, na hakuna fomula itakayokuokoa.

Ndiyo maana siipendi ile pembetatu ya kufunika herufi moja kwa kidole ili kupata fomula. Inakufundisha kuuliza "herufi gani imekosekana?" badala ya "nini kinatokea hapa?" Katika swali la barafu haikukosekana herufi hata moja.

Tubaki kwenye joto kidogo, maana ndiko wengi wanakoanguka. Chukua ndoo ya lita 20 ya maji ya bomba yenye nyuzi 27, unataka yafike nyuzi 42 ili mgonjwa aoge. (Utasema Dar nani anaoga maji ya moto? Ngoja mwezi wa saba, utawaona.) Lita 20 za maji ni kilo 20, kupanda ni nyuzi 15, basi 20 × 4,200 × 15 ni jouli 1,260,000. Namba kubwa, lakini uniti moja ya umeme wa LUKU ni jouli 3,600,000. Kumbe ndoo hiyo imekula uniti 0.35 tu, kama hakuna joto lililopotea. Hita ya wati 2,000 inatoa jouli 2,000 kila sekunde, kwa hiyo itahitaji sekunde 630, dakika kumi na nusu. Ukipata kwamba itachukua sekunde sita au siku sita, mwili wako wenyewe unajua kuna sifuri zimepotea njiani. Jizoeze kumalizia swali kwa kulinganisha na kitu ulichokiona kwa macho.

Sasa maji yakishafika nyuzi 100, swali linabadilika kabisa. Kupasha lita moja kutoka nyuzi 27 hadi 100 kunahitaji jouli 306,600. Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji takriban jouli 2,260,000, zaidi ya mara saba, na katika muda wote huo kipimajoto hakisogei. Anayepika maharage akipunguza moto baada ya sufuria kuchemka hapotezi kitu: maji yako nyuzi 100 kwa moto mdogo na yako nyuzi 100 kwa moto mkali. Moto mkali unaongeza mvuke tu, na gharama ya gesi. Kwa hiyo kila swali la joto livunje vipande palipo na mabadiliko ya hali. Barafu kupanda hadi 0 ni kipande, kuyeyuka ni kipande, maji kupanda ni kipande. Kwenye kipande cha kuyeyuka au kuchemka usiandike tofauti ya halijoto, haipo. Na kama barafu imetoka friza ikiwa nyuzi hasi 10, usisahau kipande cha kwanza. Uwezo maalumu wa joto wa barafu ni kama 2,100, nusu ya ule wa maji.

Kanieneo. Umeuliza lini ujumlishe ya hewa. Jibu langu ni kwamba uangalie upande wa pili wa kitu kinachosukumwa kuna nini.

Kuna tangi la maji juu ya stendi ya zege uani, na uso wa maji uko mita 6 juu ya bomba la jikoni. Kanieneo inayotokana na maji kwenye bomba hilo likiwa limefungwa ni densiti mara mvutano mara kina: 1,000 × 9.8 × 6, yaani paskali 58,800. Hewa inausukuma uso wa maji kule juu, ni kweli, lakini hewa hiyohiyo inasukuma mdomo wa bomba kutoka nje. Zinafutana. Kinachoyarusha maji ni 58,800 peke yake, kwa hiyo hapo hujumlishi. Na tazama kilichokosekana kwenye hesabu: lita. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba bomba linatiririka kinyonge, kisha akanunua tangi la lita 5,000 badala ya lile la 1,000 na kuliweka kwenye stendi ileile, amenunua akiba ya maji ya siku nyingi, jambo zuri kwa mgao, ila bomba lake litabaki karibu vilevile. Angepandisha stendi. Swali hili linapenda kuletwa kwa sura nyingine: mitungi mitatu yenye maumbo tofauti, maji yamefika kimo kimoja, chini ya upi kanieneo ni kubwa? Ni sawa kote.

Sasa geuza. Povu la hewa linatoka kwenye sakafu ya bahari, mita 20 chini, linapanda hadi juu. Tuseme halijoto haibadiliki. Limekua mara ngapi? Hapa kinachosukumwa ni gesi yenyewe, na ndani ya gesi hakuna hewa nyingine ya kufutana nayo. Inabanwa na kanieneo yote iliyo juu yake. Maji ya bahari yana densiti ya takriban kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, basi 1,025 × 9.8 × 20 ni karibu paskali 201,000. Jumlisha za hewa, karibu 101,000, unapata 302,000. Juu kabisa imebaki ile 101,000 peke yake. Povu limekuwa kubwa karibu mara tatu. Jaribu kusahau hewa uone: juu ya bahari kanieneo ingekuwa sifuri na povu lingekuwa na ujazo usio na kikomo. Jibu limekusemesha tena.

Kwa hiyo kwenye sheria za gesi, kanieneo ni kamili daima, pamoja na ya hewa, na halijoto ni ya kelvini daima. Kwenye bomba, ukuta wa bwawa, mlango wa chombo ambacho nje yake kuna hewa, tumia tofauti. Geji ya fundi wa matairi nayo inasoma tofauti: tairi lililoisha upepo linasoma sifuri ilhali ndani mna hewa kama ilivyo nje. Ukipewa namba ya geji kwenye swali la gesi, iongezee ya hewa kwanza.

Kwenye bomba la umbo la U lenye mafuta na maji, chora mstari wa mlalo pale mafuta yanapokutana na maji, usiuchore mahali pengine. Kuanzia mstari huo kwenda chini ni maji pande zote, kwa hiyo kwenye mstari huo kanieneo za pande mbili ni sawa. Mafuta ya densiti 800 yenye kimo cha sentimita 20 yanabeba maji ya sentimita 16. Hewa iko pande zote mbili, imefutana. Kwa jeki ya gereji nina neno moja tu: kani inazidishwa kwa uwiano wa maeneo ya pistoni zake mbili, si wa vipenyo. Pistoni yenye kipenyo mara tano ina eneo mara ishirini na tano.

Kuelea. Umeuliza densiti ipi. Zote mbili, ila kila moja kwa kazi yake. Uzito wa kitu unatokana na densiti ya kitu na ujazo wake wote. Msukumo wa juu unatokana na densiti ya kimiminika na ujazo wa ile sehemu iliyozama tu. Ukiandika hivyo kwa maneno huwezi kuchanganya.

Kivuko kinachovuka kati ya Magogoni na Kigamboni kinaelea. Tuseme, kwa ajili ya hesabu, eneo lake pale maji yanapokikata ni mita za mraba 400, na kuta zake hapo zimesimama wima. Magari na watu wenye jumla ya tani 60 wakipanda, kitadidimia kiasi gani? Usitafute densiti ya kivuko, huihitaji. Tani 60 za nyongeza zinahitaji maji ya bahari tani 60 za nyongeza yasukumwe pembeni. 60,000 ÷ 1,025 ni mita za ujazo 58.5, gawanya kwa 400, ni mita 0.146, karibu sentimita 15. Wanafunzi wengi huanza kwa kutafuta uzito wa kivuko chote na kukwama kwa sababu hawakupewa. Kivuko kitupu kilikuwa tayari kimejibebea. Mizania yako ni ya nyongeza peke yake.

Kitu kilichozamishwa kabisa ni rahisi zaidi, na kina matumizi mazuri mtaani. Mnunuzi wa skrepa kaletewa kipande anachoambiwa ni alumini. Kakining'iniza kwenye mizani ya springi: hewani nyutoni 5.4, ndani ya maji nyutoni 3.4. Kimepungua nyutoni 2.0, na huo ndio uzito wa maji yenye ujazo sawa na kipande. 5.4 ÷ 2.0 ni 2.7, basi densiti yake ni kilo 2,700 kwa mita ya ujazo. Ni ya alumini hasa. Kingekuwa chuma, kingetoa kati ya 7 na 8. Mtahini akikuongezea kwamba kipande hichohicho kimetiwa kwenye mafuta ya taa ya densiti 800, usianze upya: ujazo ni uleule, msukumo ni 0.8 ya ule wa maji, yaani nyutoni 1.6, na mizani itasoma 3.8.

Kuhusu vizio sitakuchosha. Geuza kila kitu kuwa kilo, mita na sekunde kabla ya kuanza, si katikati. Sentimita moja ya mraba ni mita za mraba 0.0001, wengi huandika 0.01. Lita ni mita ya ujazo 0.001. Densiti ya gramu kwa sentimita ya ujazo izidishe kwa 1,000. Tofauti ya halijoto ni ileile ukitumia selsiasi au kelvini, kwa hiyo kwenye maswali ya joto usijisumbue kujumlisha 273. Na kwa mvutano, tumia 9.8 au 10 kama karatasi yako ilivyoelekeza. Mimi nimetumia 9.8 hapa. Kama unataka kujipima uone umeshika, chukua zebaki ya densiti 13,600 na kimo cha sentimita 76, tafuta kanieneo yake. Ukipata karibu 101,300 umefaulu. Hiyo ndiyo kanieneo ya hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari, na Dar tuko papo hapo.

Nakuachia moja ulifanye bila mimi. Dumu la plastiki limejazwa maji ya bomba lita 20 hadi mdomoni, hakuna hewa ndani, kifuniko kimefungwa. Plastiki yenyewe ina kilo 1 na densiti ya 950. Limetumbukia baharini kutoka kwenye mashua. Litazama au litaelea? Andika sentensi kwanza. Ukipata kwamba linazama kwa sababu kilo 21 zinashinda kilo 20.5 za maji ya bahari, rudi uangalie: plastiki nayo inachukua nafasi majini, na wewe umeuhesabu uzito wake ukauacha ujazo wake.